Mali Bila Daftari: Joto Linavyotula Kidogo Kidogo

Mhadhara uliotolewa mjini Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, mwezi wa Februari, mbele ya wachuuzi wa soko, walimu, waendesha bodaboda na viongozi wa mitaa.

Wazee wetu, kina mama wa sokoni, walimu wenzangu, vijana wa steji, hamjambo? Asanteni kwa kuja saa hizi. Nawaona walio nyuma wanajipepea kwa karatasi za mwaliko. Jipepeeni tu, msione haya. Na nyie mlio dirishani, tafadhali fungueni madirisha yote mawili. Bati hili limepigwa na jua tangu asubuhi na sasa ni saa nane. Jambo tulilokuja kulizungumza limefika ukumbini kabla yetu.

Nitasema Kiswahili kwa sababu humu ndani kuna Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi, Wanubi, na ndugu zetu waliotoka Yei na Juba. Hii ndiyo lugha tunayopatania bei.

Nianze na neno moja: jasho. Mtu akisema "shamba hili ni jasho langu," hakuna anayedhani anazungumzia maji ya mwilini. Anasema mali. Aliyedhulumiwa husema wamemla jasho lake. Leo naomba tulichukue jasho lenyewe, lile la maji na chumvi, tulipigie hesabu kama mali.

Mwili wa binadamu hutaka kukaa karibu na nyuzijoto 37, awe Arua, awe nchi ya theluji. Kila kazi unayofanya, kubeba gunia, kupiga tofali, hata kusaga chakula tumboni, inazalisha joto ndani yako, na joto hilo lazima litoke. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, linatoka lenyewe. Hewa ikishafikia joto la ngozi, mlango huo unafungwa, unabaki mmoja: jasho. Lita moja ya jasho ikikaukia juu ya ngozi inaondoka na joto ambalo lingeweza kuchemsha lita 7 za maji yaliyotoka mtungini. Lakini sikilizeni vizuri: ikikauka. Jasho linalodondoka chini halikukusaidia. Umepoteza maji na chumvi bure. Ndiyo maana jua kavu la Januari tunalistahimili kuliko lile fukuto la mvua zinapokaribia, hewa imeshiba maji na jasho halina pa kwenda. Na hewa kadiri inavyopata joto ndivyo inavyobeba mvuke zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzijoto moja.

Dunia sasa imepata joto. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote tangu vipimo vianze kuwekwa, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria kuwa ulizidi joto la zamani, kabla ya viwanda kutapakaa, kwa nyuzijoto 1.55. Huo ni wastani wa dunia nzima, bahari na barafu ndani yake. Sisi hatuishi kwenye wastani. Tunaishi saa nane mchana mwezi wa Februari.

Sasa niwaeleze daftari lililonifanya niombe nafasi ya kusimama hapa.

Kiangazi cha mwaka jana nilimwomba mama mmoja anayeuza nyanya aandike kila jioni jibu la swali moja: leo joto limekuchukulia nini? Mama huyu hupiga hesabu kichwani haraka kunishinda, lakini kuandika hakupendi, kwa hiyo binti yake wa darasa la saba ndiye aliyeshika kalamu. Ni daftari la shule la kawaida, lina jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mwenyewe ameniruhusu niwasomee, mradi nisimtaje jina.

Ukurasa wa kwanza: "Mafungu manane laini. Nusu bei." Mstari wa chini: "Maji ya kunywa, 1,500." Kesho yake: "Saa saba mpaka saa tisa hakuna mteja." Halafu: "Mtoto vipele vya joto shingoni, dawa 3,000." Halafu: "Mwavuli umechanika, kushona 2,000." Na karibu kila jioni, mstari wa mwisho, neno moja: "Sikulala." Binti aliliandika neno hilo mara nyingi hadi akachoka, akaanza kulifupisha. Kuanzia wiki ya tatu utaona herufi mbili tu: S.L. Ukurasa baada ya ukurasa, S.L., S.L.

Naomba tukae kidogo kwenye yale mafungu manane, maana mtu asiyeuza sokoni anaweza kuyadharau. Kina mama mnanielewa. Boksi la nyanya ukishalifungua, mafungu ya kwanza yanarudisha pesa ya mwenye shamba. Yanayofuata yanalipa gari na mbebaji. Kisha ushuru wa soko. Faida yako wewe, chakula cha watoto na marejesho ya chama, iko chini kabisa ya boksi, kwenye mafungu ya mwisho. Na mafungu ya mwisho ndiyo yanayokaa juani muda mrefu kuliko yote. Wataalamu wa mazao wanasema kila joto likipanda kwa nyuzijoto 10, matunda na mboga huharibika kwa kasi mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo joto haligusi jasho la mkulima, wala la mwenye gari, wala ushuru. Linakwenda moja kwa moja kwenye sehemu yako. Siku ikiwa mbaya zaidi linakula na mtaji, na siku ya chama unakopa kwa jirani ili ulipe mkopo.

Mto ukifurika, watu huja. Kule Kasese, mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaingia hadi hospitali ya Kilembe, picha zilipigwa, mahema yakaletwa, hasara ikaandikwa. Maporomoko ya ardhi ya Bududa ya Machi 2010 yanakumbukwa nchi nzima. Na ni haki yakumbukwe, watu walizikwa hai. Lakini nyanya zilizolainika hazipigwi picha. Usiku wa kukesha haupelekewi mahema. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nasema hiyo ndiyo hali yetu na joto: tunalilipa kwa sarafu ndogo ndogo, mamia kwa mamia ya shilingi, na hakuna stakabadhi.

Turudi kwenye S.L.

Mwili unapotaka kulala hushusha joto lake la ndani kidogo. Damu inasogea mikononi na miguuni, joto linatoka, usingizi unaingia. Chumba kikiwa cha moto, shughuli hiyo inakwama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia usingizi wa watu zaidi ya 47,000 katika nchi 68, kwa bangili zenye vipimo, ukakadiria kwamba usiku wa joto unampokonya kila mtu kama saa 44 za usingizi kwa mwaka. Wanawake walipoteza zaidi kuliko wanaume, wazee zaidi kuliko vijana, wa nchi maskini zaidi kuliko wa nchi tajiri. Na bangili hizo huvaliwa na nani? Na mwenye kipato. Mama wetu hakuwemo. Chumba chake ni kimoja, bati halina dari, dirisha analifunga kwa kuogopa wezi, na wanalala wanne. Nimeugusa ukuta wa chumba kile saa nne usiku. Tofali lilikuwa bado na uvuguvugu, kama sufuria iliyoepuliwa muda mfupi uliopita. Ukuta unameza jua mchana kutwa, usiku unalitapika ndani.

Fukuto likizidi, cha kwanza kutupwa pembeni ni neti. Mnacheka kwa sababu mnajua. Muulizeni mhudumu yeyote wa afya kwa nini watu hawalali ndani ya neti, jibu la kwanza ni hilo: joto. Wakati huo huo joto linamsaidia mdudu. Kimelea cha malaria kinahitaji muda wa kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kukuambukiza. Kwenye nyuzijoto 20 kinachukua karibu mwezi, na mbu wengi hufa kabla. Kwenye nyuzijoto 25 hakifikishi wiki mbili. Ndugu zetu wa Kigezi, kwenye ubaridi wa Kabale, waliionja mwaka 1998 baada ya mvua za El Niño, malaria ilipolipuka katika milima ambayo watu wake hawakuwa na kinga kama sisi. Kwetu hapa mbu hakuhitaji kupanda mlima. Kwetu kinachobadilika ni usiku ule mmoja mtoto alipolala nje ya neti kwa sababu ndani hapakaliki, na wiki mbili baadaye mama yake hayupo sokoni, yuko kwenye benchi la zahanati. Kwenye daftari siku hizo ni kurasa tupu. Binti hakuandika kitu. Mimi nazihesabu.

Sasa nije kwenu mnaofanya kazi za kutwa, lejaleja. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019. Lilisema joto likivuka nyuzijoto 24 hadi 26, kazi huanza kupungua. Likifika 33 au 34, mtu wa kazi ya wastani hupoteza nusu ya uwezo wake. Nusu. Likakadiria kwamba kufikia 2030 dunia itapoteza asilimia 2.2 ya saa zake zote za kazi kwa sababu ya joto, sawa na ajira milioni 80 za kutwa nzima, na sehemu kubwa, asilimia 60, ni kwenye kilimo.

Nendeni kando ya mto Enyau mwezi huu mkawaone wapiga tofali. Kazi yao inataka kiangazi, maana tofali bichi mvua inaliyeyusha. Lakini jua likizidi, tofali linakauka nje kabla ya ndani, linapasuka, kwa hiyo lazima walifunike kwa nyasi, na kufunika hakulipwi. Wanaanza alfajiri. Kufika saa tano kijana aliyekuwa akipiga tofali bila kupumzika anasimama kila baada ya machache, anajimwagia maji ya mto kichwani, anachuchumaa kivulini. Hajawa mvivu. Mwili wake unafanya hesabu niliyoieleza mwanzo, na usipoisikiliza unaanguka. Anayelipwa mshahara, joto humchosha lakini pesa inaingia tarehe ile ile. Huyu analipwa kwa tofali. Nusu ya uwezo ni nusu ya posho ya jioni. Huko Amerika ya Kati, El Salvador na Nicaragua, wakata miwa vijana wameugua figo na kufa kwa maelfu, na madaktari wanaitaja kazi nzito juani bila maji ya kutosha kuwa sababu mojawapo kubwa. Sisemi hivyo ili niwatishe. Nasema kwa sababu na sisi tuna wakata miwa, tuna wapiga tofali, tuna wasaga kokoto, na sijaona kambi ya kazi ambayo mwajiri ameweka jerikeni la maji ya kunywa kivulini kama sehemu ya mkataba.

Walimu, mnajua tayari nitakachosema. Darasa la bati bila dari, watoto zaidi ya mia, kipindi cha baada ya chakula cha mchana. Huko Marekani walilinganisha matokeo ya mitihani ya wanafunzi kama milioni 10, wakaona kwamba shule isiyo na mashine za kupoza hewa, mwaka ukizidi joto kwa nyuzi moja tu ya Fahrenheit, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ya nyuzijoto yetu, watoto hupoteza kama asilimia 1 ya masomo ya mwaka. Hiyo ni nchi yenye madawati ya kila mtoto. Na jirani zetu kabisa, Sudan Kusini, Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzijoto 45. Wengi humu mna wapwa na wajukuu waliorudishwa nyumbani wiki zile. Februari 2025 zikafungwa tena, baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Kutoka hapa hadi mpakani ni mwendo wa saa chache. Joto halina kizuizi cha barabarani.

Na wakimbizi tuliowapokea, kule Bidi Bidi wilayani Yumbe ambako watu ni zaidi ya 200,000, wengine walianzia maisha chini ya turubai la plastiki. Aliyewahi kuingia ndani ya turubai saa saba mchana hahitaji nimweleze.

Kwa wafugaji na wakulima nitapita haraka, si kwa kuwadharau, ila mambo yao yamesemwa na wengi. Ng'ombe wa Friesian tuliyemleta kwa ajili ya maziwa asili yake ni Uholanzi kwenye ubaridi; joto likivuka nyuzijoto 25 anaanza kutweta, anakula kidogo, maziwa yanapungua. Yule wa Ankole mwenye pembe ndefu anavumilia, lakini hakupi maziwa yale. Mfugaji amekwama katikati. Kahawa ya Arabika hupenda nyuzijoto 18 hadi 22. Ndugu zetu wa Paidha na nyanda za Okoro, na Wagisu wa Mlima Elgon, wanaona wadudu na kutu ya majani vikiwafuata kwenda juu. Watu huwaambia wapande kahawa juu zaidi. Mlima lakini unakonda kadiri unavyoupanda, na huko juu Elgon kuna mpaka wa hifadhi ya taifa. Hii ni kahawa ya nchi ambayo msimu wa 2023/24 iliuza nje magunia zaidi ya milioni 6.

Na Rwenzori. Watafiti wanakadiria kuwa mwaka 1906, Duke wa Abruzzi, mwanamfalme kutoka Italia, alipoipanda na kuipima milima ile, barafu yake ilikuwa imetanda kilomita za mraba kama 7.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki karibu kilomita moja. Wakonzo wanaiita Nzururu, na kwao si maji yaliyoganda tu. Humo mna asili ya Kitasamba, roho wanayemheshimu tangu mababu. Hasara ya namna hiyo siwezi kuiweka kwenye daftari la nyanya. Naitaja tu ili mjue kwamba daftari lina mwisho wake.

Sasa, nani alipe? Afrika nzima haifikishi asilimia 4 za hewa ukaa inayotolewa duniani kwa mwaka, na Uganda ndani ya hizo ni chembe. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuwepo mfuko wa hasara na uharibifu, na Dubai mwaka 2023 mfuko ukaanzishwa. Ni haki, na ahadi zilizowekwa humo ni ndogo mno. Lakini nataka mlione shimo lililopo. Mfuko wa hasara huuliza: hasara iko wapi? Mwenye daraja lililobebwa na mto atalionyesha daraja. Mama wa nyanya ataonyesha nini? Nyanya zimeliwa na mbuzi wa jirani, usingizi haukurudi, mteja alikaa kwake. Asipokuwa na daftari, mbele ya dunia hakupoteza kitu.

Hapa nyumbani tunayo Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021. Inazitaka wilaya ziwe na mipango yao, na inampa raia nafasi ya kwenda Mahakama Kuu. Sheria nzuri. Lakini mpango wa wilaya hutengenezwa na watu waliokaa mezani, na kilicho mezani ni kile kilichoandikwa. Mafuriko yameandikwa. Ukame umeandikwa. Fukuto la sokoni halimo.

Nisiwafiche, na sisi tuna letu. Miaka mingi tulikausha tumbaku kwa kuni, tukachoma mkaa, tukachoma matofali, mivule na miyao ikaisha. Kwa joto la dunia mchango wetu huo ni mdogo. Kwa kivuli chetu ni mkubwa. Wenye mvi humu wanakumbuka barabara hizi zilipokuwa na miti pande zote mbili.

Nimeulizwa mlangoni, mwalimu, unatuletea malalamiko au unatuletea dawa? Nina vitu vichache nilivyoviona vikifanya kazi.

Kimoja ni mtungi. Miaka ya 1990 kule kaskazini mwa Nigeria mwalimu mwenzetu, Mohammed Bah Abba, alichukua chungu kidogo akakiweka ndani ya kikubwa, katikati akajaza mchanga, akaulowesha, juu akafunika kwa kitambaa kibichi. Maji yanapenya ukuta wa chungu cha nje, yanakauka, yanaondoka na joto. Chungu kinatoka jasho kwa niaba ya nyanya. Mboga zilizokuwa zikioza kwa siku mbili tatu zikadumu kwa wiki kadhaa. Hufanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu, na kiangazi chetu ni kikavu. Mama wa daftari aliomba vyungu viwili kwa mfinyanzi, mchanga akautoa mtoni. Ukurasa wa mwisho wa Februari unasema: "Mafungu mawili laini." Si manane. Sikuja kuwaambia kwamba chungu kitaishinda dunia, lakini mafungu sita ni karo.

Kingine ni bati. Nyumba ya nyasi ilikuwa na ubaridi, sote tunajua, ila nyasi zimeadimika, moto unazila, na hakuna atakayerudi huko. Mimi mwenyewe sirudi. Lakini mikeka ya mafunjo ikitandazwa chini ya bati inakuwa dari, na si ghali. Bati lenye kutu linakunywa jua. Likipakwa rangi nyeupe linarudisha sehemu kubwa. Na soko linapojengwa, bati lipandishwe juu na paachwe nafasi ya hewa ya moto kutokea. Mimi nimeshuhudia soko likizinduliwa kwa ngoma, na baada ya miezi wachuuzi wakarudi barabarani, wakafukuzwa na askari, wakaitwa wakaidi. Hakuna aliyeingia ndani saa nane akakaa nao.

Saa za kazi pia zinaweza kusogea. Mafundi waanze saa kumi na mbili, wapumzike saa tano, warudi saa kumi. Mtihani wa darasa la saba uwe wa asubuhi. Kila steji ya boda iwe na mti mmoja na jerikeni moja la maji. Haya ni mambo ya diwani na mwenye mradi, hayahitaji Dubai.

Naona mikono. Mzee wangu pale mbele, karibu.

Mzee anauliza: joto lilikuwepo tangu zamani, na sisi tulilima, tukaoa, tukazaa, mbona kizazi hiki kinalialia? Asante mzee wangu, swali la haki. Nakubali lilikuwepo. Lakini mzee, ulilima mpaka saa nne, ukakaa chini ya mti. Ulilala chini ya nyasi. Na hukuwa na deni la kulipa kila Ijumaa. Mjukuu wako joto limeongezeka, kivuli kimepungua, na mkopo haumruhusu kupumzika mchana. Vitatu kwa pamoja. Mngevipata vyote vitatu, mzee, na nyie mngelia.

Kijana wa steji. Anasema mchana abiria hakuna, kofia ngumu inaunguza kichwa wakiivua wanakamatwa, injini moto chini, lami moto mbele, waandike nini? Andika saa ulizokaa bila abiria. Andika maji uliyonunua. Andika siku mwenzenu alipopata kizunguzungu akaanguka na pikipiki. Kofia usiivue, nakuomba; ivue mkiwa mmesimama kivulini. Na huo ndio mti wa kudai.

Dada kule nyuma anauliza nani atayasoma. Nakujibu kwa tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Mikutano ya bajeti ya wilaya na miji huwa karibu Oktoba na Novemba ya mwaka uliotangulia. Ukienda Oktoba na maneno matupu, utapigiwa makofi na kurudishwa nyumbani. Mkienda watu hamsini na madaftari hamsini, yenye tarehe, shilingi na saa, yaliyoandikwa kiangazi chote, mwenye kuandika bajeti atalazimika kuinua kichwa. Asiyeweza kuandika, mtoto wa shule amwandikie, hata kwa herufi mbili.

Madaftari yapo mlangoni, kila mmoja achukue lake akitoka. Anzeni jioni hii, na ukumbi huu uwe mstari wa kwanza. Tutakutana tena hapa Jumamosi ya kwanza ya Aprili tuyafungue pamoja. Nimewaomba wenye ukumbi tuanze saa mbili asubuhi, tumalize kabla bati halijapata moto.